Tangi la Mama Mkwe

Mimi ndiye yule. Ukifika Makere siku ya soko ukawauliza wauza ndizi wa pale kwenye matuta ya barabarani habari za gari lililotapika choo mbele za watu, watacheka kwanza, halafu watakwambia lilikuwa la jamaa mmoja wa Kasulu, mrefu, mwenye kipara. Basi kipara chenyewe ni hiki, na pole yenu siitaki. Nimeamua kusimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kusikia watu wakiisimulia kwa kuongeza chumvi (kuna wanaosema mama mkwe wangu alitumbukia, uongo mtupu, yalimfika miguuni tu, kama hiyo inasaidia), na kwa sababu nina hasira. Nina hasira na shangazi wa mke wangu, nina hasira na vijana wenye simu, nina hasira na yeyote aliyetengeneza mapipa ya bluu, na nikimaliza kuwapanga wote mstarini namkuta mtu mmoja amebaki pembeni, na huyo ndiye ninayemwona kwenye kioo kila asubuhi.

Kazi yangu ni mitumba. Leo niko gulio la Rungwe Mpya, keshokutwa Murungu, wiki ijayo Gwarama kule Kakonko, na kwa miaka mingi nimelala kwenye vyumba vya wageni ambavyo wenyeji wake ni kunguni. Sasa mwaka juzi Wazungu wawili wazee wakaingia kutoka Burundi na gari la kulala, yale yenye kitanda, jiko na choo humohumo, gari la zamani, limechoka kabisa, na injini ikawafia Kasulu. Walisubiri spea mpaka wakakata tamaa, wakaliacha gereji, wakapanda basi wakaenda zao. Mimi nilikuwa nalipita pale kila siku nalitamani, na siku moja nikalinunua, nikalifufua injini kwa spea za kuokoteza, na sehemu ya hela iliyolinunua ilikuwa ya mabati ya jiko la mke wangu Adela, hela aliyoiweka kwa kuuza maharage yake mwenyewe misimu miwili. Sikumuuliza. Nilimwambia mabati yamepanda bei, tusubiri kidogo.

Alipojua hakupiga kelele. (Angepiga kelele ningejua la kufanya.) Alifunga nguo, akamchukua mtoto wetu Neema, akaniambia, "Baba Neema, kalale ndani ya kopo lako," akaenda kwao Murungu, upande wa Kibondo. Nikakaa wiki sita nakula ugali wa kujipikia, umeungua chini, mbichi juu.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa Kasulu au Kibondo hahitaji kuelezwa. Kwetu Waha, mwanamume hachangii choo na mama wa mkewe. Yule mama hawezi kuingia unamoingia wewe, ni kuvunja heshima yote, na ndiyo maana mtu mwenye adabu akishaoa, hata kabla hajanunua kochi, anachimba choo cha pili uani, kinakaa na mlango wake kikimsubiri mkwe. Mimi nimeoa miaka tisa. Choo cha pili nilikuwa nakiahidi miaka tisa. Kwa hiyo mama mkwe alikuwa hajawahi kulala kwangu hata siku moja, anakuja asubuhi, anajizuia, anaondoka mchana, na mimi nilikuwa najisemea basi ndivyo alivyo, hapendi kukaa kwa watu.

Wazee wa kwao wakakaa kikao, masharti yakanifikia kwa simu kupitia Adela (mama mwenyewe hasemi nami, na hiyo nayo ni heshima, anamwambia mtu halafu mtu ananiambia, hata tukiwa wote tumekaa chumba kimoja). Mama atakuja Kasulu, atalala, ataona choo chake kwa macho yake. Kikiwepo, Adela anabaki. Kisipokuwepo, wanarudi wote. Nikachimba, jamani. Siku ileile nilishika sururu, nikaenda chini futi kumi na mbili, nikamwaga zege, nikaezeka, nikapachika mlango wenye kitasa. Hicho choo kipo, hata leo kipo, nenda kaangalie.

Ningeishia hapo! Lakini Adela akasema, "Mama ana kisukari, anakwenda haja kila mara, basi litamtesa." Na mdomo wangu huu ukajibu kabla yangu mimi: "Nitakuja kumchukua na gari la kulala. Lina choo ndani."

Akauliza, "Choo unachotumia wewe?"

Mtu mwenye akili angesema ndiyo, ni changu, kwa hiyo tutakuwa tunasimama njiani. Mimi nikasema, "Hapana, mama nitamtengea tangi lake. Yake na yangu hayatakutana." Nikasikia Adela anamweleza mama yake kwa Kiha, nikasikia mama anaitikia "Ego," yaani ndiyo, kwa sauti laini ambayo sijawahi kuisikia ikielekezwa kwangu, na nikajiona mkwe wa mfano wilaya nzima.

Basi nikaenda kwa Espoir, Mkongo anayechomelea vyuma pale gereji, mtu mpole asiyependa maneno. Gari lilikuwa na matangi mawili ya maji machafu enzi za Wazungu, moja la choo lilikuwa limepasuka, na la maji ya kuoga lilikuwa limeoza mishikio likang'oka lote. Espoir akajilaza chini ya gari, akatoka, akachukua chaki akachora matangi matatu sakafuni.

"Patron," akasema, "hii ya kwanza ni ya choo yako. Hii ya pili ya choo ya maman. Hii ya tatu ya mayi ya kuoga na ya masahani, ile haiendake pamoja na ya choo, iko mingi sana. Na tuyau ya pumzi, inapanda mpaka juu ya gari."

"Bomba la nini tena juu ya gari?"

"Ya kutoa gaz, patron. Bila ile, inarudia ndani."

Nikayaangalia yale matangi matatu, nikaona uzito, nikaona wiki nzima ya kazi, nikaona bomba limesimama juu ya gari langu linaliharibu umbo. Nikafuta mawili kwa soli ya kiatu. "Weka moja," nikasema, "na bomba acha."

"Na ya maman?"

"Ya mama weka koki tu pale ukutani. Igeuke."

Ndiyo, nimesema. Koki nzuri ya shaba karibu na choo, ukiigeuza kulia inalia ka, ukiigeuza kushoto inalia ka, na nyuma yake hakuna kitu. Espoir aliifunga bila neno, akakusanya vifaa vyake, ila wakati wa kuondoka akaniambia, "Patron, kama banauliza, si mi niliifanya." Tangi lenyewe lilikuwa pipa la bluu la lita sitini, limelazwa chini ya gari, linapokea vyote, choo, sinki na bafu. Hesabu yangu ilikuwa fupi: mama ni mmoja, ni mwembamba, na barabara siku hizi ni lami.

Nikaenda Murungu siku moja kabla, nikalala ndani ya gari pale uwanjani kwao, asubuhi nikaoga kwa nafasi ili nionekane mkwe. Choo nacho nikakitumia. Pipa sikumwaga, maana ningemwaga wapi, uani kwa wakwe zangu?

Saa tatu wakatoka. Mimi nilikuwa nimewapigia hesabu mama, mke wangu na mtoto. Wakatoka mama, Adela na Neema, akatoka shangazi yake Adela anayeitwa Regina, wakatoka na majirani wawili wamevaa nguo za kanisani, ati wanamsindikiza mama akaone choo. Wanawake watano na mtoto! Mama alikuwa amejifunika kitenge mpaka usoni, hanitazami, nami simtazami, nikaamkia "Mwakeye" huku nimeinama naangalia viatu vyake, vipya, vyeupe.

Shangazi Regina akaingia kwanza kukagua. Huyu shangazi alistahili kuzaliwa askari.

"Koki ni ipi?"

"Hii hapa, shangazi. Kulia ni tangi la mama, kushoto ni langu."

"Na sisi?"

"Ninyi mko upande wa mama."

Akaigeuza kulia, ka. Akaigeuza kushoto, ka. Akairudisha kulia, akachomoa uzi kwenye pindo la kitenge chake, akaifunga isije ikageuka kwa bahati mbaya. Adela alikuwa mlangoni anaangalia yote, akanisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Ahsante, Baba Neema. Sikutegemea." Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya mwisho ya kusema ukweli, na nikaitumia kutabasamu.

Hatukwenda mbali, mama akabanwa. Na hapo ndipo nilipogundua upumbavu wa mpango wangu wote, maana mama mkwe hawezi kujisaidia ndani ya gari mimi nikiwa humo, hata pawe na mlango, hata tangi liwe lake kweli. Ikabidi nisimamishe gari, nishuke, nitembee hatua ishirini, nisimame nimeligeuzia gari mgongo mpaka shangazi apige honi, ndipo nirudi. Mara ya kwanza, sawa. Mara ya pili ilikuwa kabla ya daraja la Malagarasi, na ya tatu tumelivuka tu. Bodaboda wananipita nimesimama peke yangu naangalia miti, "Mzee vipi, umefukuzwa?" Yaani gari lina choo ndani lakini tunasimama kila mahali kama vile halina, na kila tuliposimama palikuwa na pori zuri, kubwa, la bure.

Na wale wasindikizaji! Mwanzo waliona aibu, kisha wakakipenda choo. Unabonyeza, pampu inanguruma, maji yanashuka, wanacheka, wanabonyeza tena. Mmoja akanawa mikono, akaona haitoshi akanawa na uso, mwingine akaosha mapera, shangazi akamwosha Neema miguu ambayo haikuwa michafu. Mimi kwenye usukani naisikia pampu tu, ngrrr, na kila ngrrr naongeza kichwani, lita mbili, lita tatu, hiyo ndefu ni tano, nikafika hamsini na nilikuwa sijajumlisha kuoga kwangu. Nikapaza sauti, "Jamani maji tuyaonee huruma!"

"Mkwe," shangazi akajibu kutoka nyuma, "kwani tangi la mama ni dogo?"

Nikasema ni kubwa.

Kusimama kumwaga porini ningeweza, lakini kumwaga ni kufungua chini ya gari, na ukifungua chini ya gari lazima kuna mtu atainama, na akiinama ataona pipa moja. Kwa hiyo nikakanyaga mafuta. Nikasema nikifika Kasulu, wao wakiwa wanaangalia choo, mimi nitazunguka nyuma nimalize shida zangu. Harufu ilianza kabla ya Makere. Majirani wakafungua madirisha kwa adabu, bila kumtaja mtu. Jua limewaka, pipa linachemka kule chini, hewa haina pa kutokea, na nikaanza kumwelewa Espoir na bomba lake, wakati kuelewa hakunisaidii tena.

Pale Makere kuna matuta, na siku hiyo ilikuwa ya soko. Tuta la kwanza nikasikia kitu kinacheua chini ya sakafu. Tuta la pili Neema akasema, "Baba, bafu linaongea." Tuta la tatu sikulipanda vizuri.

Maji machafu hayapandi kwanza chooni, hilo nimejifunza. Yanatafuta tundu lililo chini kuliko yote, na ndani ya lile gari tundu hilo ni la bafu, sakafuni, na mbele ya bafu ndipo alipokaa mama, kwenye kiti bora, nilichokitandika kwa mikono yangu. Yalipasuka mara moja kwa kishindo, halafu yakaendelea kutoka taratibu bila haraka, yakaenea sakafu nzima, yakalifikia kapu la unga wa muhogo aliokuwa ananiletea mimi, mkwe wake, yakavifikia vile viatu vyeupe.

Walishuka kabla gari halijasimama vizuri, na nyuma yao yakashuka yale yenyewe, kwenye ngazi, mbele ya wauza ndizi. "Gari linaharisha!" mtu akapiga kelele, na soko zima likaacha biashara likaja. Simu zikatoka mifukoni. Nilitukana watu siku hiyo matusi ambayo sikujua kama ninayo, nikamfukuza kijana mmoja kuzunguka gari mara mbili, nikateleza, nikaanguka palepale pa kuangukia, na hiyo ndiyo sehemu ya video ambayo watu wanaipenda zaidi.

Shangazi hakucheka. Alisimama akifikiri, kisha akauliza kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara, "Mama kaenda mara tatu tu. Tangi lake limejaaje?" Akakaza kitenge kiunoni akainama.

"Shangazi, utachafuka," nikamwambia nikiwa bado chini.

Alikaa kule chini ya gari muda mrefu kuliko ulivyohitajika kuona kitu kimoja. Alipoinuka hakuniangalia mimi, alimwangalia Adela. "Liko moja," akasema. Akaingia ndani akipita juu ya yale maji, akatoka na koki mkononi pamoja na uzi wake. Aliivuta tu ikaja, haikuwa imeshikilia chochote. Adela aliitazama ile koki, akanitazama mimi, na sikuona hasira usoni kwake, jambo lililonitisha kuliko hasira.

Ndipo mama akafunua kitenge. Miaka tisa sijawahi kuyaona macho yake yakinielekea, siku hiyo akanitazama, na akasema nami mwenyewe, kwa Kiswahili, kila mtu akisikia.

"Mwanangu, mimi nimekwenda porini maisha yangu yote. Nikibanwa naingia nyuma ya mti. Nani alikwambia nimekataa pori?"

Nikainuka, nikajifuta mikono kwenye suruali.

"Ungesema tangi hakuna, ningeingia nyuma ya mti. Leo nimekanyaga yako."

Wale wenye simu wakazishusha. Mama mmoja Mkongo anayeuza sabuni pale kando akaja na ndoo yake, "Maman, kuya hapa nikunawishe," akamkalisha kwenye kreti akamvua viatu. Mimi nikataka kuishika ile ndoo nisaidie. Adela akaniondoa mkono. "Usimguse," akasema. Basi la kwenda Kibondo likaja, wakalisimamisha, wakapanda wote, mama akipandishwa ngazi peku, na Kasulu, ambako choo chake kilikuwa kimefagiliwa na kuwekwa maji ya kunawa, hawakufika. Neema alinipungia mkono dirishani. Mama yake hakugeuka.

Sitasema niliendeshaje kutoka pale. Espoir alilifungua lile pipa juu ya shimo la gereji bila kuniuliza kitu, na nilimchukia kwa kutoniuliza.

Siku ya tatu mchana Adela akapiga. Nilipokea kabla haijaita mara mbili.

"Mama hana hasira ya uchafu," akasema. "Uchafu umeoshwa. Anauliza kitu kimoja tu. Katika yote uliyotuambia miaka hii tisa, yapi yana tangi na yapi hayana?"

Nikaanza kuhesabu. Nikamwambia mabati hayakupanda bei. Akasema hilo tunalijua, endelea. Nikamwambia ile wiki niliyosema nimekwama Gwarama kwa mvua sikuwa nimekwama, nilikuwa gereji Kasulu hapahapa naliangalia gari. Akasema endelea. Nikaendelea, na kila nilipodhani nimemaliza nakumbuka jingine, dogo, la kijinga, ambalo hata halikuhitaji kudanganywa. Mwisho nikamwambia, "Lakini choo cha mama kipo, Adela. Hicho ni kweli. Futi kumi na mbili, kina zege, kina mlango."

"Hata tangi lilikuwepo," akasema.

"Basi njoo uangalie!"

"Tulikuwa tunakuja kuangalia, Baba Neema." Akakata simu.

Na hicho ndicho kinachoniunguza mpaka leo, kuliko video, kuliko kicheko cha Makere. Nina choo cha mkwe kizuri kuliko vyote mtaani kwetu, kitu pekee cha kweli nilichowahi kumfanyia yule mama, na hakuna mtu anayeniamini kwamba kipo, na hawana kosa. Wazee wametaja mbuzi wa faini na wametaja siku. Jumamosi naenda Murungu, nitapanda basi na mbuzi wangu, na sijui kama nitarudi na mtu au nitarudi peke yangu. Nimeapa lakini, na nimeapa kwa sauti nikiwa peke yangu ndani ya nyumba: nikiulizwa kama kitu kipo, na hakipo, hata kiwe chumvi, nitasema hakipo na nitafunga mdomo. Nalifanyia mazoezi hilo neno nikienda sokoni na nikirudi. Jana jirani kaniuliza kama mke wangu amesharudi, nikajisikia nasema, "Yuko ndani, amelala."